Magari ya kusafishia mapaa yasizidishiwe uzito

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wenzangu tunaosafisha mapaa hapa Dar es Salaam jambo moja kuhusu magari yetu ya kazi. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, kabla hujahesabu pampu, mipira, ngazi na vijana wawili waliokaa nyuma, ilhali pikapu nyingi tunazotumia zimeundwa kubeba takriban tani hiyo moja tu.

Fundi mmoja aliwahi kunifungia tangi nyuma kabisa, karibu na mlango wa bodi, ili mpira ufike kwa urahisi. Uzito huo wa nyuma ukainua pua ya gari, usukani ukawa mwepesi mno, na tangi lilipobaki nusu, maji yalipiga huku na huku kila nilipokanyaga breki. Sasa limesogezwa mbele ya ekseli ya nyuma, yaani chuma kinachoshika magurudumu ya nyuma, na kufungwa kwa vyuma kwenye chesisi, yaani fremu ya gari.

Adui mwingine ni klorini ya kuulia kuvu, ambayo matone yake hula bodi na nyaya, mbali na chumvi ya upepo wa baharini. Kila jioni tunapitisha maji safi kwenye pampu na kusuuza bodi, hata vijana wakinuna.

Nawaomba wenye karakana wamuulize mteja uzito wa mzigo kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea.

Msafisha mapaa,
Dar es Salaam