Zawadi ya kisasa kwa mama na bibi

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta u mzima pamoja na wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo.

Umeniuliza umnunulie nini mama, na bibi naye umpe nini, kitu cha kisasa ambacho hakitakumalizia akiba. Nashukuru umeuliza kabla hujaenda dukani, kwa sababu jambo la kwanza ninalotaka kukusihi ni hili: usimnunulie mama simu janja ya bei ya chini kabisa. Simu hizo nafasi yake ni ndogo mno. Zikishajaa picha na sauti za makundi ya familia, zinaanza kuganda. Mama atabonyeza, simu isiitike. Atabonyeza tena, mara vitu vitatu vinafunguka kwa mpigo. Naye hatasema simu ni mbovu, atasema yeye ndiye hajui simu. Hilo linaniuma kuliko hata pesa iliyopotea.

Kama simu aliyonayo sasa bado inapata masasisho ya usalama, ipeleke kwa fundi mzuri ibadilishwe betri. Betri nyingi za simu zikishachajiwa kwa mizunguko kama 500 hubakiwa na takriban asilimia 80 ya uwezo wake, kwa hiyo simu inayozimika mchana mara nyingi haijafa, imechoka betri tu. Vidole vyake vimeshaizoea, namba zake zimo humo, na hatalazimika kujifunza upya.

Kisha kaa naye chini uipange. Hapa sihitaji kukuficha, hii ndiyo sehemu ya zawadi ninayoithamini kuliko zote, na haina gharama. Kuza maandishi. Weka picha ya uso kwenye kila jina analopiga mara kwa mara. Rudisha vile vitufe vitatu vya chini ya kioo, maana kutelezesha kidole kutoka pembeni kunawasumbua wengi. Halafu kuna jambo ambalo vijana hatulioni: mtu mzima hugusa kioo kwa utulivu, kidole kinakaa. Simu inadhani ameshikilia kwa makusudi, inamfungulia menyu asiyoitaka. Kwenye Android, ndani ya mipangilio ya ufikivu (Accessibility), unaweza kuongeza muda wa kugusa na kushikilia. Jaribu, uone atakavyotulia. Na ngozi ya vidole ikiwa kavu sana, kioo wakati mwingine hakimsikii kabisa; kalamu ya kugusia kioo, ile yenye ncha ya mpira laini, inasaidia na bei yake ni ndogo.

Mwongezee stendi ya simu ya kuweka mezani. Ni kitu kidogo, lakini mama anayezungumza na wajukuu kwa video huku ameinua mkono anachoka haraka, na wajukuu wanabaki kutazama dari.

Pawabenki, ile betri ya kubeba ya kuchajia simu, nayo ni zawadi nzuri, ila usidanganywe na tarakimu. Iliyoandikwa 10,000 mAh (kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) haitajaza simu ya 5,000 mAh mara mbili, maana umeme unapotea unapobadilishwa kutoka volti 3.7 za betri kwenda 5 za waya. Tegemea mara moja na ushei. Ukiona kidude chembamba kama kadi kimeandikwa 50,000, kiache hapo hapo.

Sasa bibi. Ikiwa bibi anatumia simu kwa kupiga na kupokea tu, simu ya vitufe inamtosha: betri inakaa siku kadhaa, ina tochi na redio. Hakikisha tu inashika 4G na inaweza kupiga simu kwa 4G, kwa sababu katika nchi kadhaa mitandao ya 2G na 3G inazimwa au imeshazimwa, na simu ya zamani inabaki kuwa tochi peke yake.

Lakini kama ningekuwa na uwezo wa kumpa kitu kimoja, ningempa redio ndogo ya kuchaji yenye tundu la memori kadi, na vitufe vikubwa vya kuzungusha au kubonyeza. Wewe ijaze hiyo kadi: nyimbo za ujana wake, mawaidha anayoyapenda, kisha sauti za watoto. Mwambie kila mjukuu amsalimie kwa jina lake na amsimulie habari zake, hata dakika mbili. Bibi hahitaji bando, hahitaji nywila, anabonyeza tu.

Taa ndogo ya kitambuzi, inayowaka yenyewe mtu anapopita, ukiibandika njiani kati ya kitanda na choo, inaweza kumwepusha kuanguka usiku. Bei ndogo, faida kubwa mno.

Umetaja pia presha ya mama. Chukua mashine ya kupimia ya mkanda wa mkono wa juu, uiache ile ya kifundo cha mkono, na saa za bei poa zinazodai kupima presha usizitegemee kabisa. Mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono, presha inasomeka juu kuliko ilivyo. Mikanda mingi ya kawaida ni ya mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Akipima, akae kimya dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono usawa wa moyo, na asiongee. Majibu ayaandike kwenye daftari na kumpelekea daktari, asijibadilishie dawa mwenyewe.

Vile vikuza sauti vya bei rahisi vya kuweka sikioni, tafadhali viache. Kama bibi ameanza kutosikia vizuri, apimwe masikio kwanza. Huenda ni nta tu.

Basi kabla hujatoa pesa, niandikie mambo haya: mzunguko wa mkono wa mama, upime kwa futi ya fundi cherehani katikati ya bega na kiwiko, tundu la chaja la simu yake ni la aina gani, ili waya wa pawabenki usije ukakataa, na bibi anapenda kusikiliza nini asubuhi. Nyimbo nitaanza kuzikusanya mimi.

Wape shikamoo zangu wote wawili.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.