Pimeni damu ya mguu kabla ya kuukata

Mhariri,

Msomaji wako mmoja aliandika katika safu hii kwamba mwenye kisukari akishapata kidonda cheusi mguuni, kumuungia mshipa ni kuchoma fedha. Heri akatwe mapema. Naomba nafasi nimpinge, kwa heshima zote.

Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kiko karibu na Soko la Mbuyuni hapa Moshi. Miguu ya sukari naijua kwa kuishika. Viatu vyao natia mpira laini ndani na sehemu ya vidole sishoni kitu, maana mshono unaokukera wewe wao hawausikii. Kuna mama nilimvua raba nikakuta kifuniko cha soda kimejichimbia kwenye wayo. Katembea nacho toka Majengo, na bado akaniuliza nashangaa nini.

Hiyo ni ganzi, na ganzi naweza kuisaidia. Pasipofika damu, kiatu changu hakifui dafu. Kwa wenye kisukari mishipa inayoziba zaidi ni ile ya chini ya goti, lakini mara nyingi ya wayo wenyewe hubaki wazi. Daktari wa mishipa anachukua vena ndefu ya mguu wa mgonjwa mwenyewe, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, kwa kawaida anaigeuza juu chini kwa kuwa ina vali zinazopitisha damu upande mmoja tu, halafu anaiunga toka palipo na damu hadi chini ya kizibo. Mchagga hahitaji kuelezwa zaidi: mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, ukizibwa na jabali unauzungusha, huachi migomba ikauke.

Sasa matokeo, maana ndiyo ubishi wenyewe. Binti yangu muuguzi amenisomea ripoti ya madaktari wa Boston ya mwaka 2003. Waliunga mishipa hadi juu ya wayo zaidi ya mara 1,000, na katika kila wagonjwa 100, 92 walikuwa na kisukari. Baada ya miaka 5, miguu kama 78 katika kila 100 ilikuwa imeokolewa. Huko ndiko kuchoma fedha? Kweli, ripoti hiyo hiyo inasema kufikia muda huo waliobaki hai hawakufika nusu. Mishipa haizibi mguuni peke yake, na moyo nao umo. Lakini kumkata mtu mguu hakuutibu moyo wake.

Wapo wanaopendelea kupanua mshipa kwa puto. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022, wenye watu 1,830, uliona kwamba mwenye vena nzuri anafaidika zaidi akianza na kuungiwa. Mwaka uliofuata utafiti wa Uingereza, wa watu 345 walioziba chini ya goti, ukasema kinyume: puto kwanza. Wagonjwa wengi katika tafiti zote mbili walikuwa na kisukari. Basi madaktari wabishane hapo, puto au vena. Huyu msomaji wetu karukia msumeno.

Nina mteja, dereva mstaafu wa mabasi ya Arusha. Hospitali aliyoanzia, siitaji, walimfunga kipimo cha presha kwenye kifundo, namba ikawa nzuri, akaambiwa damu ipo. Mishipa ya mwenye kisukari hujaa chokaa na kukakamaa, kipimo kinashindwa kuibana, namba inapanda bure. Ndiyo maana hupimwa presha ya kidole gumba. Yeye hakupimwa. Kidonda kilipogeuka cheusi akaandikiwa kukatwa chini ya goti. Watoto wake wakagoma, akapata rufaa ya Dar es Salaam, akaungiwa. Vidole viwili vimekwenda, mguu upo. Ana kovu toka kwenye kinena hadi karibu na kifundo, na mguu ulivimba, kama inavyotokea sana baada ya upasuaji huo, hata viatu vyake vyote vikamkataa. Nimemtengenezea kandambili pana yenye mikanda ya kunata, anailegeza jioni. Sigara bado anavuta, mzee yule. Akija nayo simhudumii mpaka aizime, maana moshi huo huo ndio unaoziba mshipa aliowekewa.

Sisemi kila mguu uungwe. Usaha ukishapanda na sumu kuingia kwenye damu, kukata ndiko kunakookoa uhai, na wengine vena zao hazifai. Ninachodai ni kwamba asiandikiwe mtu kukatwa kabla damu ya wayo haijapimwa, kwa Dopla, kile kipimo cha mawimbi ya sauti kinachosikiliza damu ikipita, na kwa presha ya kidole, na daktari wa mishipa akaulizwa, hata kwa simu. Na kwa kuwa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, wanaopanga mafao waviorodheshe kwa majina: kipimo hicho, rufaa yake na upasuaji wake.

Fundi viatu,
Mbuyuni, Moshi