Dredi za Dodoma zinadai maji, si nta

Ndugu Mhariri,

Nywele ndefu za wanaume zikitajwa gazetini, mjadala huwa ni maadili: nani mhuni, nani msanii. Hilo tunawaachia wenye muda nalo. Sisi tunaosokota na kuosha vichwa vya wanaume hapa Dodoma tunaomba nafasi kwa jambo dogo zaidi. Vijana wengi wanafuata maelekezo yanayofaa hewa ya pwani. Kule hewa yenyewe ina unyevu. Huku, kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni ya kuhesabu, upepo unapeperusha vumbi jekundu, na maji mengi ya visima ni magumu, yaani yana chumvi nyingi za ardhini.

Tuanze na maji. Sabuni ya mche ikikutana na maji magumu haitoi povu, inaganda na kuwa utando mweupe kama ule unaobaki kwenye beseni la kufulia. Utando huo ukikaukia kichwani, mwenyewe hudhani ana mba, naye huongeza mafuta juu yake. Shampuu haigandi hivyo, hata ile ya bei ndogo. Osha kila baada ya siku 7 hadi 10, sugua ngozi kwa ncha za vidole wala si kwa kucha. Ukishasuuza, mwagia lita 1 ya maji yaliyotiwa vijiko 2 vya chakula vya siki, kisha suuza tena. Kuchemsha maji kunasaidia nusu tu: chumvi inayong'ang'ania kwenye birika inatoka majini, nyingine inabaki palepale.

Mafuta nayo yanaeleweka vibaya. Hayaongezi maji kwenye unywele, yanazuia tu yaliyomo yasitoke haraka. Kwa hiyo yapakwe nywele zikiwa bado na unyevu. Afro ya urefu wa kidole inatosheka na kijiko 1 cha chai. Alizeti, ambayo mkoa huu na Singida hatuikosi, inafaa sana. Ya nyonyo ni mazito, changanya sehemu 1 kwa 3 za alizeti. Mafuta ya mgando msimu wa vumbi ni kutengeneza tope kichwani.

Afro ichanwe ikiwa mbichi na kondishena ndani yake, kwa chanuo la meno mapana, kuanzia nchani kushuka kwenye shina. Anayeanzia kwenye shina anasukuma mafundo yote yakutane nchani, halafu anayakata kwa nguvu na kulalamika kwamba nywele zake hazikui. Zinakua, karibu sentimita 1 kwa mwezi. Ila kipilipili hujikunja: vuta unywele mmoja unyooke ndipo uupime. Nchani punguza kidogo kila miezi mitatu au minne.

Sasa dredi, ambako ndiko makosa yamejaa. Usianze chini ya sentimita 5, zitafumuka kila ukiosha. Gawa viboksi vya sentimita 1.5 hadi 2. Vikiwa vidogo kuliko hapo, dredi ikirefuka uzito wake unashinda shina. Kurudia kusokota mizizi ni kila wiki 4 hadi 6. Wapo wanaotaka kila Jumamosi ili waonekane nadhifu, na hao ndio shina zao huwa nyembamba kama uzi ndani ya mwaka.

Nta ya nyuki hatuitaki kabisa. Haiyeyuki kwa maji ya bomba, inanasa vumbi, na vumbi hilo linasokotwa ndani. Kata dredi kuukuu iliyolelewa kwa nta uitazame katikati: utakuta uzi wa kijivu kama uchafu wa pembeni mwa mfuko wa suruali. Hautoki tena. Jeli ya mshubiri inashika vya kutosha mpaka nywele zikauke.

Maumivu ya paji la uso usiku wa kwanza baada ya kusokotwa si dalili kwamba "zimeshika". Vikitokea vipele vyeupe kwenye mstari wa nywele, fumua siku hiyohiyo. Shina likivutwa hivyo kwa miaka linabaki kovu, na penye kovu hapaoti kitu, uwe na mafuta ya bei yoyote.

Osheni asubuhi. Juni na Julai jua la jioni halina nguvu na usiku ni baridi. Dredi iliyooshwa saa kumi na moja jioni hulala na maji katikati, baada ya siku mbili inanuka kama kitambaa cha deki. Kamua kwa fulana kuukuu ya pamba, maana taulo huacha manyoya. Madereva wa bodaboda wavae kitambaa chepesi chini ya helmeti na wakifue kila siku.

Mvua zikianza Desemba, tega ndoo, lakini acha maji ya kwanza yapite: yanakuja na vumbi la bati la miezi saba. Yanayofuata ndiyo laini kuliko yote mtakayopata mjini hapa, na lita 10 zinatosha kusuuza kichwa chenye dredi za mabegani.

Wasusi wa nywele za wanaume,
Dodoma