Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mizani Pekee Isiamue Nani Alazwe

Mheshimiwa Waziri,

Sisi ni wauguzi, wataalamu wa lishe na wanasaikolojia tunaohudumia wagonjwa wa anoreksia (kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa), bulimia (kula kupita kiasi kisha kujitapisha) na maradhi mengine ya ulaji. Tunaomba mwongozo wa kuwalaza na kuwaruhusu wagonjwa hawa usitegemee tena uzito peke yake.

Mambo huwa hivi. Mgonjwa anafika mapokezi, anapandishwa kwenye mizani, namba inaonekana si mbaya, anaambiwa akale vizuri na kurudi akizidiwa. Ugonjwa wenyewe humwambia kila siku kwamba hajaumwa vya kutosha kustahili kitanda. Sasa amelisikia neno hilohilo kwa daktari. Lakini mtu aliyekuwa mnene akapungua sana kwa miezi michache anaweza kuwa na moyo uliochoka kama wa aliyebaki mifupa mitupu. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani umewatambua wagonjwa wa aina hiyo.

Vipimo vya kuamulia ni vya kawaida kabisa. Mgonjwa alale chali dakika 5, apimwe mapigo na shinikizo la damu. Asimame, apimwe tena baada ya dakika 2 au 3. Mtu mzima ambaye mapigo yake, akiwa macho na ametulia, yako chini ya 40 kwa dakika asirudishwe nyumbani; kijana tuanze kumhofia yakishuka chini ya 50. Vivyo hivyo ambaye namba ya juu ya shinikizo lake la damu inashuka zaidi ya 20 anaposimama na anaishiwa nguvu na kuanguka. Apimwe joto, umeme wa moyo, na madini ya potasiamu katika damu, hasa kama anatapika. Damu ikitoka safi, daktari asijipe moyo haraka: mara nyingi majibu hubaki mazuri mpaka siku chache kabla mambo hayajaharibika. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Uingereza kilitoa mwongozo wa namna hii mwaka 2022, kwa hiyo hatuombi jambo jipya.

Siku za kwanza wodini ndizo za kuogopa zaidi, na hapa ndipo nia njema inapoua. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula, hasa cha wanga, insulini hupanda na kuvuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Fosfeti ikishuka mno, moyo na misuli ya kupumulia hulegea. Kwa hiyo thiamini (vitamini B1) itangulie chakula, na dripu ya glukosi isiwekwe kwanza kwa sababu tu mgonjwa anaonekana dhaifu. Kwa walio hatarini, madini hayo matatu yapimwe kila siku katika wiki ya kwanza na upungufu urekebishwe mara moja. Kuna kosa la upande wa pili pia, ambalo tunaliona sana: daktari anaogopa hali hiyo, anaagiza chakula kidogo mno, hakiongezi, na mgonjwa anazidi kukonda akiwa mikononi mwetu.

Mgonjwa aambiwe mapema yatakayompata. Tumbo litajaa haraka kwa sababu limezoea kufanya kazi polepole. Miguu inaweza kuvimba kwa maji. Usiku atatoka jasho. Asipoambiwa, akibonyeza kifundo cha mguu na kuona kidole kimeacha shimo, ataamini amenenepa kwa siku tatu, na kesho yake atakataa sahani.

Tuseme na la wenzetu, maana tabia za wodi zinajulikana. Wapo wanaoamini wagonjwa hawa wanadeka na kuchukua vitanda vya wagonjwa wa kweli. Mpira wa kulishia kupitia puani ni tiba, lakini husemwa kama fimbo: "Usipomaliza, tunakuwekea." Mgonjwa akikata mkate vipande vya ukubwa wa punje au akaficha chakula, huitwa mjanja. Huko Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 wenye afya walijitolea kukaa na njaa kwa ajili ya utafiti. Wengi wao wakawa wanachezea chakula, wanakusanya vitabu vya mapishi na kujitenga na wenzao. Njaa yenyewe huzaa tabia hizo.

Kinachosaidia ni muuguzi kuketi mezani na mgonjwa mwanzo wa mlo hadi mwisho, wakizungumza mambo mengine, kisha kubaki naye kama saa moja, muda ambao hofu huwa kali zaidi. Kazi hiyo inataka watu. Wodi yenye muuguzi mmoja kwa wagonjwa 20 haiwezi kuifanya, hata watumishi wakiwa na moyo wa dhahabu.

Na kuruhusiwa. Uzito hutangulia, akili hufuata nyuma kwa miezi mingi. Anayeruhusiwa siku ileile namba inapofika hupelekwa nyumbani akiwa na hofu zake zote. Kabla ya siku hiyo, familia ije wodini kula naye ili ijifunze la kusema anapogoma. Aende nyumbani mwisho wa wiki kwa majaribio. Aondoke na mpango wa milo ulioandikwa na miadi ndani ya siku 7. Pale inapowezekana, aendelee na matibabu ya kutwa: anashinda hospitalini, analala kwao. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la kitabibu la Lancet uliona kwamba vijana wenye anoreksia waliolazwa wiki 3 kisha wakahamia matibabu ya kutwa hawakuwa nyuma ya waliobaki wodini. Njia hiyo pia ilikuwa na gharama ndogo.

Tunaomba kwanza waraka mfupi kwa vitengo vyote vya dharura wenye vipimo tulivyovitaja, ubandikwe mapokezi, palepale penye mizani. Mafunzo ya wauguzi na bajeti ya matibabu ya kutwa tuko tayari kuvijadili na wataalamu wako wakati wowote watakapotuita.

Wako katika huduma,
Wauguzi, wataalamu wa lishe na wanasaikolojia wa wodi za maradhi ya ulaji