Barua kutoka Wete: vitu vikuukuu na mikono ya watoto

Wete, Pemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi sote hapa tu wazima, na tunamuomba Mola barua hii ikukute wewe na wanao katika hali hiyo hiyo. Ulinitaka ushauri juu ya kuupamba ukumbi wa nyumba yenu mpya kabla ya Ramadhani, na juu ya kazi za mikono utakazowafanyisha watoto wa darasa lako la maandalizi, ukaniambia kwamba unakusudia kwenda sokoni Darajani kununua karatasi za rangi na maua ya plastiki. Nakuomba usiende. Vitu unavyovihitaji vimo jikoni mwako, kabatini mwako na katika kile kikapu unachokitoa nje kila jioni.

Rai yangu ni moja, nayo naishika sana: kitu anachokitengeneza mtoto kiwe na kazi nyumbani. Nimeona mapambo mengi ya maboksi na vizibo yanayokaa ukutani siku chache, kisha yanakwenda katika jaa lile lile ambalo vitu vyake vingekwenda tangu mwanzo, na mtoto huelewa upesi kwamba kazi yake ilikuwa ya kumshughulisha tu. Akitengeneza kitu ambacho mama atakitumia, hukaa akakikamilisha vizuri, na hata gundi huipaka kwa uangalifu mwingine.

Anza na trei za mayai. Trei ya mayai 30 ina safu tano zenye vishimo sita sita. Ukikata humo kipande cha vishimo vinne kwa vinne, ukakata kingine kama hicho katika trei ya pili, kisha ukaviunganisha ubavu kwa ubavu juu ya kipande cha boksi gumu, unapata vishimo 32 katika safu nne, yaani bao kamili la kiswahili. Trei hizo ni za karatasi iliyopondwa na kukaushwa, kwa hiyo hulegea zikishikwashikwa; ndiyo maana lazima zibandikwe tabaka kadhaa za vipande vya gazeti vilivyochovywa katika uji wa unga wa ngano. Uji huo hupikwa kwa kikombe kimoja cha unga na vikombe vinne au vitano vya maji, ukikorogwa juu ya moto mdogo mpaka usiwe na madonge. Mimi hutia chumvi kidogo na karafuu iliyosagwa, kwa sababu hewa yetu ina unyevu na karatasi iliyopakwa unga hushika ukungu upesi ikifika masika. Kila tabaka likauke kabisa kabla ya kubandika jingine, na bora likaukie penye upepo kuliko kwenye jua kali, ambalo hulipinda.

Kete 64 zitapatikana kwa mbegu za ukwaju, kama komwe, zile mbegu ngumu za kuchezea bao, zimekuwa adimu huko mjini. Shimo la nyumba, ambalo katika bao la mbao huchongwa la mraba, lipakeni rangi ya peke yake upande wa kila mchezaji. Bizari ya manjano iliyochanganywa na uji ule ule inatosha. Mtoto wa maandalizi hawezi bado kucheza namua wala mtaji, zile hatua mbili za mchezo wa bao, lakini anaweza kuzigawa kete mbili mbili, akahesabu, akajua zilizobaki. Letu sasa limehamia barazani kwa wakubwa, nami nalichukulia hilo kuwa ushahidi bora kuliko sifa yoyote. Ila kete hizo na vizibo vya chupa visifike mikononi mwa wadogo ambao bado hutia kila kitu kinywani.

Kwa ukumbi wako, hazina yenyewe ni kanga kuukuu. Ile sehemu yenye jina, yaani maneno yaliyoandikwa, usiichane: ikate kwa unyoofu, ibandike juu ya boksi gumu na uitundike mahali ambapo wageni watalisoma. Mji wake, yaani sehemu ya katikati, ikiwa haujachakaa, hutosha foronya ya mto wa kiti, na pindo huzungushwa kingoni. Vipande vilivyobaki vichanwe mistari ya upana wa vidole viwili, watoto waisuke mitatu mitatu, nawe uuzungushe msuko na kuushona ukingo kwa ukingo kama tunavyoshona shupatu la mkeka, mpaka upate zulia dogo la mlangoni. Watoto wengi wanaoanza kujifunza kusuka ukili, yaani utepe wa majani ya ukindu, huchoka kwa sababu ukindu ni mwembamba na mkali. Kitambaa huivumilia mikono yao, na wakishazoea kusuka kwa kanga, siku bibi atakapowapa ukindu hawatauogopa. Wavulana nao wasuke. Sioni sababu ya kuwaweka kando.

Kwa usiku wa Ramadhani tengeneza mafanusi ya makopo ya maziwa ya unga. Kopo tupu ukiligonga kwa msumari hubonyea, kwa hiyo lijaze maji ulitie katika friji mpaka yagande, ndipo utoboe. Umeme ukiwa umekatika, mchanga wa pwani uliorowa na kushindiliwa sawasawa unasaidia pia. Michoro usiitafute mbali: milango ya Mji Mkongwe ina waridi na minyororo iliyochongwa, na watoto wanaweza kuichora kwenye karatasi, karatasi ikazungushwa kopo, nawe mwenyewe ukatoboa kwa kufuata nukta zao. Ndani tia taa ndogo ya betri, usitie mshumaa.

Chupa za maji ndizo zilizobaki kuwa mzigo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa kwetu mwaka 2006, na Tanzania Bara wakafuata 2019, lakini chupa bado tunazikuta mitaroni na pwani. Nusu ya chini ya chupa ya lita moja na nusu, ikitobolewa kitako, ni chombo kizuri cha kupandia mrehani dirishani. Ukingo wake uliokatwa huchana ngozi; uguse kidogo kwenye pasi ya moto wa wastani iliyofunikwa karatasi ya foili, nao utajikunja na kuwa laini. Kazi hiyo ni yako, wala si ya watoto, na madirisha yawe wazi. Vyombo vilivyotiwa dawa ya wadudu au mafuta ya gari usivikubali kabisa, hata vikioshwa mara ngapi.

Nami nina ombi. Fundi wako wa cherehani hukata magauni mengi wakati huu wa kuelekea sikukuu, na najua vipande vyake vingi hufagiliwa vikatupwa. Mwambie akuwekee vya pamba tu, uvitie katika kiroba, umpe mtu anayepanda boti ya Pemba. Mimi nitakuletea makonyo ya karafuu, yaani vikonyo vyake, yaliyokauka vizuri. Yashonee vifuko vya kanga na uvitundike kabatini, nguo zitanukia. Na unipimie upana wa dirisha la ukumbi, kwa sababu wanangu wanataka kukutengenezea pazia la vifuu, na vifuu tumeshaanza kuvisugua. Niandikie kabla mwezi haujaandama.

Wasalimie wote nyumbani, na mama mkubwa umpe mkono wangu.

Mimi shoga yako,
Mama Wawili