Risala ya Klabu ya Mdahalo kwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani

Mheshimiwa Diwani, mgeni rasmi. Mkuu wa Shule. Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kuacha kazi za kata ukaja kukaa nasi. Muhula huu klabu yetu ilijiuliza kijana anayetaka uongozi wa umma aanzie wapi. Tukaamua kumfuatilia mtu mmoja hatua kwa hatua, Nadia Mohamed, meya wa St. Louis Park, mji wa watu wapatao 50,000 unaopakana na Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani.

Nadia alizaliwa Somalia, akafika Marekani akiwa na miaka 10, akakulia katika mji huo huo anaouongoza. Mwaka 2019, akiwa na miaka 23, aligombea udiwani akashinda. Novemba 2023 aligombea umeya, akapata karibu asilimia 58 ya kura. Alikuwa na miaka 27, na ndiye Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Somalia kuchaguliwa meya kwa kura za wananchi. Deqa Dhalac alikuwa amemtangulia kuwa meya huko South Portland, jimbo la Maine, mwaka 2021, ila yeye alichaguliwa na madiwani wenzake, kama ilivyo kwa mameya wetu hapa Tanzania.

Hapo ndipo mdahalo wetu ulipowaka moto. Wapo waliosema meya achaguliwe na wananchi moja kwa moja ili awajibike kwao. Wengine wakajibu kwamba hata huyo Nadia ana kura moja tu katika baraza la watu saba, na shughuli za kila siku za mji zinasimamiwa na meneja aliyeajiriwa, mfano wa mkurugenzi wa halmashauri kwetu. Akitaka jambo lake, tuseme la makazi, lipite, sharti awashawishi wenzake. Sisi tunaona miaka ile minne ya udiwani ndiyo iliyompa uzito, maana alishakaa nao mezani na kuyajua mafaili.

Mheshimiwa, mji ule hupiga kura kwa kupanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tuliujaribu utaratibu huo kumpata mwenyekiti wa klabu. Tulichana karatasi za daftari, tukazikusanya kwenye boksi la chaki. Duru ya kwanza hakuna aliyevuka nusu. Tukamwondoa wa mwisho, karatasi zake tukazigawa kwa chaguo la pili, na msichana aliyekuwa nyuma kwa kura tatu akapita. Mwenzake aliyekuwa akiongoza aliomba zihesabiwe tena, zikahesabiwa mbele ya wote, akampa mkono.

Changamoto yetu ni kwamba baraza la madiwani tunalisikia redioni tu. Sheria inaruhusu kugombea udiwani kuanzia miaka 21, na wengi wetu hapa tuna 18 au 19. Miaka miwili au mitatu si mingi, lakini hatujawahi kumwona diwani akiuliza swali kuhusu bajeti ya zahanati. Wasichana hasa huambiwa wasubiri viti maalumu. Tunaviheshimu viti hivyo, ila wapo kati yetu wanaotaka kugombea kata.

Kwa hiyo tunakuomba utuombee nafasi kwa wanachama 20 kuhudhuria kikao kijacho cha baraza kama wasikilizaji. Pia tunaomba wawili wetu waruhusiwe kuketi nyuma katika Kamati ya Maendeleo ya Kata siku itakapojadiliwa barabara ya kuja shuleni. Nauli tumeanza kuchanga wenyewe, tumefikia nusu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, majina ya hao 20 yako ndani ya bahasha hii. Tunaomba kuwasilisha.