Kipindi cha hesabu kimehamia Jumamosi

Habari za jioni wapendwa, poleni na kazi.

Wiki hii hatukutani Jumapili. Tukutane Jumamosi saa 3:00 hadi 5:30 asubuhi, chumba kilekile nyuma ya soko.

Tunaendelea na mteremko wa mstari kutokana na nukta mbili. Nimepitia madaftari yenu, na wengi wamekwama sehemu moja: alama ya kutoa. Tazameni (−1, 4) na (3, −4). Badiliko la y ni −4 − 4 = −8. Badiliko la x ni 3 − (−1) = 4, siyo 2! Mteremko ni badiliko la y (juu) kugawanya kwa badiliko la x (chini): −8 ÷ 4 = −2, yaani ukisogea kulia hatua moja, mstari unashuka hatua mbili. Nukta uliyoanza nayo juu, anza nayo na chini. Ukichanganya, jibu linageuka kuwa 2, na mstari unaoshuka utauona unapanda.

Naomba:
1. Kila mtu aje na rula na penseli.
2. Sh. 1,000 ya karatasi za grafu imfikie mweka hazina kabla ya Ijumaa saa 12 jioni. Aliyebanwa aniandikie pembeni; tafadhali mtu asibaki nyumbani kwa ajili ya hela.
3. Jaribuni (2, 5) na (2, 9). Mkikuta sifuri chini msifute, njooni nayo hivyohivyo tuichore pamoja.

Andika NIPO au SIPO hapahapa leo kabla ya saa 3 usiku, nijue nitoe kopi ngapi. Asanteni sana.